Mwaka Niliomcheka Syombua

Msichana aliyenipigia simu alisema anaitwa Mumbua, binti ya Syombua, na kabla hajaongeza lingine nilijua mama yake amefariki, kwa sababu watoto wa wenzetu hawatupigii simu siku hizi kutujulia hali. "Auntie Nduku, mama ametuacha," alisema. "Tunazika Alhamisi, huku Kitui. Tumekuweka kwa programu. Utaongea kwa niaba ya wale walifanya kazi na yeye." Nikampa pole, nikamwuliza aliugua nini, nikaitikia kila alichoniambia. Kisha akaniuliza swali lililoninyima raha wiki nzima: "Na ni kweli ni wewe ulifundisha mama kujenga ukuta kidogo kidogo? Alikuwa anatuambia hivyo kila wakati." Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Makindu, mwiko mkononi, maharagwe yanachemka, nikamjibu kwamba mtandao ni mbaya, tutaongea tukionana. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nina miaka sitini na mmoja, nimestaafu, kanisani akina mama vijana huletwa kwangu niwape mawaidha, na bado nadanganya watoto wa watu kwenye simu.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa na nilivyolelewa tuyaache, maana wazazi wangu hawana hatia yoyote katika haya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha ujenzi kutoka chuo cha ufundi, na nilikuwa mwanamke wa pekee mwenye cheti hicho katika mradi wetu mdogo wa maji pale Kibwezi. Kazi yetu ilikuwa kujenga mabwawa ya mchanga. Mtu asiyetoka kwetu huona ni mambo ya ajabu, kwa hiyo nieleze: mito yetu mingi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yamejificha chini yake. Ukijenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, mvua ikija huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakakaa ndani ya mchanga huo, jua lisiweze kuyafikia. Wakati wa kiangazi watu huchimba hapo kwa jembe na kuchota maji safi. Vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaofanya kazi pamoja zamu kwa zamu, walikusanya mawe na kuchimba msingi. Sisi tulileta simiti, fundi na maarifa. Maarifa yalikuwa mimi.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na mabati, na ukuta wa katikati ulikuwa wa plaiwudi. Kulinuka rangi na mafuta ya taa tangu asubuhi. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha, nikiona malori ya barabara ya Mombasa yakipunguza mwendo, na chini yake kulikuwa na sanduku la noti zangu za chuo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Meneja wetu, Bwana Muthama, alikuwa mtu mpole asiyependa kuamua jambo peke yake. Kila Jumatatu alitukalisha, akapitisha chai, akaeleza shida ya wiki, halafu akanigeukia. "Nduku, waonaje?" Fundi wetu wa mawe, Kimeu, naye aliweka kikombe chini asikilize. Sijui kama nimewahi kupenda maneno yoyote ya mwanamume kuliko hayo mawili. Kwa miaka mitatu yalikuwa yangu peke yangu.

Syombua alikuja mwezi wa tatu, kutoka Kitui, akaajiriwa kuzungumza na vikundi. Hakuwa na cheti cha kujenga hata kibanda cha kuku. Alikuwa mrefu, wa kuongea polepole, na alikuwa akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Siku yake ya pili kazini alikuja na bakuli kubwa la muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, iliyopikwa na mbaazi, akaliweka katikati ya meza ya mkutano, akatoa vijiko vinne kwenye mkoba. "Karibuni, tukule," akasema, kana kwamba ofisi ni kwao. Mimi nilikuwa na chakula changu kwenye kikopo, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimekila nikiwapa wenzangu mgongo. Wiki mbili hazikwisha kabla ya Kimeu kuacha kwenda kula hotelini. Muthama alikuwa akimaliza, analamba kijiko, anasema, "Huyu mama atatunenepesha." Ilikuwa tamu, hiyo muthokoi. Niliila bila kuisifu.

Halafu alikuwa na tabia ile. Jumatatu, watu wakishamaliza kusema, alikuwa akiinua kidole kidogo na kuanza, "Mimi nimekuwa nikifikiria..." Mara ya kwanza alisema mikutano ya vikundi ihamishwe kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu asubuhi akina mama wako njiani na punda, wanatafuta maji. Lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba niliona aibu kuwa sikuliona. Basi nikasema, bila hata kuangalia juu, "Tulijaribu hiyo kitambo. Haikufanya kazi." Hatukuwa tumejaribu kamwe. Muthama akauliza, "Lini?" Nikamwambia, "Ukiwa umeenda likizo." Akakuna kidevu, akasema basi tujaribu tena, haina hasara. Mkutano wa kwanza wa saa nane walikuja watu wengi hadi wengine wakakosa mahali pa kukaa, na katika ripoti niliandika kwamba mahudhurio yameongezeka kwa sababu ya msimu. Sikusema msimu gani.

Mwezi wa sita Muthama alipata mgeni, rafiki yake waliosoma pamoja. Niliwapikia chai, nikawapelekea chumba cha pili, nikarudi kwenye meza yangu, na nikasikia kila neno kupitia ile plaiwudi. Mgeni aliuliza kuhusu wafanyakazi. "Nduku ana cheti," Muthama akasema, "na kazi yake ni safi. Lakini huyu Syombua ana macho. Anaona. Akipelekwa shule miaka miwili, huyu atatuongoza sisi wote." Mgeni akasema chai ni nzuri sana, nani amepika. Muthama akasema, "Ni Nduku." Hiyo ndiyo sifa niliyopata siku hiyo, majani ya chai na sukari. Nilikaa pale nikitazama malori, na wivu ukanishika tumbo hasa, hapa chini ya mbavu, nikadhani nimekula kitu kibaya. Nimesikia watu wakisema wivu ni wa wasichana na wapenzi. Mimi wanaume hawajawahi kunitia wivu wa namna ile. Aliyenitia ni mwenzangu mwenye akili.

Mwaka huo tulikuwa tunajenga kwa kundi la mwaitu Kalekye, kusini mwa Kibwezi. Mwaitu kwetu ni mama, na Kalekye alikuwa mama wa kila mtu upande ule, mwembamba, mkali, mwenye kuongoza wenzake kwa nyimbo. Mto wao ulipita kati ya mashamba yasiyokuwa na matuta, na kila mvua ilishusha udongo mwekundu. Ng'ambo yake kulikuwa na kundi lingine lililomaliza ukuta wao mwaka uliopita. Desturi ni kwamba ukuta ukifika juu, kundi huchinja mbuzi, huimba, na nyimbo hizo hutaja majina: nani alibeba mawe, nani alikuwa mvivu, nani anapaswa kuja kuangalia na macho yake. Wale wa ng'ambo walikuwa wameimba majina ya akina Kalekye kwa ubaya mwaka mzima. Kwa hiyo akina Kalekye walitaka ukuta mrefu, na waliutaka mwaka huo huo, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, Syombua alikuja na kipande cha bati lililokunjwa mfano wa mfereji, alichoazima dukani, na ndoo mbili. Ndoo moja ilikuwa na maji, nyingine mchanga uliochanganywa na udongo mwekundu. Akaweka bati sakafuni, upande mmoja umeinuliwa kwa tofali. "Mimi nimekuwa nikifikiria," akasema, na akachuchumaa. Kwanza alisimamisha kibao kirefu kukatiza bati, akaweka ule mchanganyiko juu, akamimina maji. Maji yakasimama nyuma ya kibao. Yakatulia, na udongo wote ukashuka taratibu, ukajaza nafasi kati ya chembe za mchanga hadi kukawa na uji mwekundu. Akaosha bati, akaweka kibao kifupi, karibu upana wa vidole viwili. Akamimina tena. Mara hii maji yalipita juu ya kibao kwa haraka yakibeba udongo, yakamwagika mwekundu kwenye ndoo, na nyuma ya kibao ukabaki mchanga peke yake, msafi, unang'aa. Akaweka kibao cha pili juu ya kile cha kwanza, akamimina, mchanga ukapanda mpaka pale. "Tukijenga mfupi mwaka huu, mvua ipite na matope yake, mwaka ujao tuongeze, na mwingine tuongeze. Kwetu Kitui kuna mwamba mfupi umekata mto, na maji hapo hayaishi. Mbele kidogo kuna mwamba mrefu, ni matope tu. Tangu nikiwa mtoto najiuliza ni kwa nini."

Nilielewa kabla hajaweka kibao cha pili. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane, kwa sababu nimewahi kujitetea moyoni kwamba sikuelewa. Nilielewa, na nikaona uzuri wake. Kimeu alikuwa ameinama juu ya bati mdomo wazi. Na Muthama, macho yake yakiwa bado kwenye ule mchanga, akasema kwa mazoea, "Nduku, waonaje?"

"Mimi naona Syombua ametuletea mapishi tena," nikasema. "Hivyo ndivyo mtu anaosha ndengu, si vile anajenga ukuta."

Kimeu alicheka hadi chai ikamwagika kwenye magoti. Muthama naye akacheka, kidogo, kwa pua. Nikaona nimeshika usukani, nikaendelea kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake. Nikasema ni wazo zuri, lakini. Nikasema simiti mpya haishikani na ya zamani, ukuta utaachana katikati. Nikasema, na mwaitu Kalekye tutamwambia nini, eti mbuzi angoje miaka mitatu? "Hiyo haiko kwa kitabu," nikamalizia, na nikapiga teke sanduku langu chini ya meza ili wasikie kuna vitabu. Muthama akavuta pumzi. "Basi, wewe ndiye umesoma," akasema. Syombua aliyabeba maji machafu akayamwaga nje kwenye mpapai, akaliosha bati vizuri, akalirudisha dukani. Aliporudi alisema neno moja tu: "Sawa."

Saa ya chakula wenzangu walipotoka nje kukaa kivulini nilifungua sanduku. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda kitu cha kunipa haki. Nilipekua noti za mwaka wa pili, na pale chini ya ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na sentensi ambayo mwalimu alituandikisha haraka kipindi kikikaribia kwisha: mahali penye udongo mwingi, ukuta ujengwe kwa awamu. Basi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nje nilisikia Kimeu akisema, "Wewe, ongeza mbaazi hapa," na Syombua akicheka. Nilitaka angalau awe amenuna. Nikafunga sanduku, nikatoka, nikala muthokoi yake.

Nilikuwa na miezi miwili ya kubadili maneno yangu. Kila siku tulikuwa pale mtoni, na adhuhuri akina mama walipakua chakula kutoka sufuria kubwa, na kila siku ukuta uliongezeka. Mara moja nilikuwa upande wa pili wa rundo la mawe, nafunga kamba ya viatu, nikamsikia Syombua akiongea na Kalekye.

"Mwaitu, na kama ukuta ungekuwa mfupi mwaka huu?"

"Mfupi? Ai! Tuchekwe na wale?"

"Mchanga ungekuwa msafi zaidi."

"Nduku anasemaje?"

Nilishika ile kamba ya kiatu nikingoja. "Nduku anasema tujenge mrefu," Syombua akasema.

"Basi, mwanangu. Yeye ndiye amesoma. Wacha tujenge."

Ukuta ulifika juu mwezi wa kumi, na mbuzi akachinjwa. Wakaimba siku nzima. Wakaimba jina langu: Nduku, msichana wa simiti, aje aone wale wa ng'ambo wanavyojificha. Mtu akiimbiwa jina lake na akina mama arobaini, mwili unasisimka, hata kama hastahili. Nilicheza. Nikamtafuta Syombua kwa macho katikati ya watu, nione kama anasikia. Alikuwa anagawa supu, na alikuwa anaimba jina langu pamoja na wengine.

Mvua ya kwanza kubwa ilijaza bwawa hadi juu. Kwa siku moja! Kimeu alirusha kofia. Watu walisimama ukingoni wakipiga vigelegele, na kundi la ng'ambo likaja kuangalia, likaondoka kimya. Maji yalipopungua nilishuka nikatembea juu ya ule mchanga wangu, na mguu wangu ukazama hadi kwenye kifundo. Niliutoa mwekundu. Niliuosha haraka kwenye dimbwi kabla mtu yeyote hajaona.

Mwezi wa kwanza mwaitu Kalekye alituma ujumbe ofisini tuende. Tulikuta wanawake kama ishirini na mitungi yao, na mashimo matano yaliyochimbwa kwenye bwawa, kila moja na unyevu mwekundu chini na harufu ya kuoza. Alikuwa na kibuyu mkononi kilichojaa nusu, na alikuwa ameanza kukijaza alfajiri. Nilijiandaa kutukanwa. Ningetaka kutukanwa. Badala yake akanipa jembe. "Nduku, labda hatujui kuchimba," akasema. "Tuonyeshe." Basi nikachimba. Nilichimba na viatu vyangu vya ofisi, nikachimba hadi kiunoni, hadi kifuani, nikitupa nje tope zito linalonata kwenye jembe, nikiomba Mungu nifikie mchanga. Syombua aliruka ndani ya shimo bila kuambiwa, akachimba pamoja nami. Hakukuwa na mchanga. Tulipotoka, Kalekye alituangalia sote wawili tulivyopakwa, akasema, "Asanteni, mmejaribu." Kisha wakachukua mitungi, wakaanza kutembea kuelekea kule walikokuwa wakienda tangu zamani, safari ya nusu siku na punda. Mmoja alikuwa mjamzito. Nilihesabu migongo yao hadi ikapotea kwenye vichaka, na niliporudi Kibwezi sikuweza kula.

Ungedhani Syombua angesema kitu. Jumatatu ile nilikaa mkutanoni nikingoja aseme, nimejitayarisha na majibu. Muthama alimwuliza moja kwa moja, "Syombua, una lolote?" Akasema, "Hapana, niko sawa." Ndipo nikakumbuka kwamba alikuwa hajainua kile kidole tangu mwezi wa nane. Miezi mitano! Nilikuwa nimekaa meza moja naye, nimekula chakula chake, na sikugundua kwamba amenyamaza, kwa sababu ukimya wake ulinifaa. Alitekeleza alichoambiwa, akaandika ripoti, akasema sawa. Nilikuwa nimempata nilivyomtaka, na ofisi ikawa baridi, hata Kimeu akaanza kusinzia mkutanoni.

Mwezi wa pili tulikuwa na kundi jipya upande wa Makindu, mto wa namna ile ile, udongo ule ule. Muthama alieleza, akanigeukia, na kabla hajamaliza yale maneno mawili nilisimama. "Nimeangalia noti zangu," nikasema. Nikaenda ubaoni, nikachora ukuta mfupi, mwingine juu yake, na mwingine. Nikaeleza udongo unavyopita na mchanga unavyobaki. Nilieleza vizuri sana. Sikutaja bati, sikutaja Kitui, na wakati wote mgongo wangu ulikuwa kwa Syombua. Nilipogeuka nilimwona Kimeu akimtazama yeye, halafu mimi, halafu sakafu. Muthama alikuwa ameshika kalamu juu bila kuandika.

Syombua alivuta kiti chake mbele. "Hiyo ni nzuri, Nduku," akasema. "Hebu rudia hapo pa mwaka wa pili. Ile simiti mpya na ya zamani, itashikana namna gani?"

Lilikuwa pingamizi langu mwenyewe la mwezi wa nane. Nilisimama pale na chaki. Wangenicheka, wangekuwa na haki. Lakini yeye aliendelea kwa ile sauti yake ya polepole. "Au ndio vile ulikuwa unaenda kusema, tuache mawe yametokeza juu, kama meno, ndio ya mwaka ujao yashikilie hapo?"

"Ndiyo," nikasema. "Mawe yametokeza."

"Na tukimaliza kila mwaka tuchinje hata kama ni kuku, watu waimbe kidogo. Ndio wasione ni kungoja tu."

"Ndiyo," nikasema tena. Alikuwa amelifikiria lote. Miezi yote ile ya "sawa" alikuwa analifikiria, na sasa alikuwa ananipa kipande baada ya kipande, akivifunga kwa namna ya swali ili vionekane vimetoka kwangu. Muthama alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba pendekezo limeletwa na Nduku, akanisomea, akaniuliza kama ni sawa hivyo. Alinipa nafasi, sasa naona. Nikasema ni sawa.

Baadaye nilimfuata nje kwenye mpapai, alikokuwa anaosha vijiko. Nilianza kusema kitu kuhusu ile siku ya bati. Hakuniacha nimalize. "Usinishukuru, Nduku. Nilitaka kukurushia hii bakuli kwa kichwa," akasema, na hakufunika mdomo, maana hakuwa anacheka. "Lakini ningesema ni yangu, ungesema haiwezi. Mimi nimekujua. Kitu ukikipenda kinajengwa, na ukikichukia kinakufa. Sasa umekipenda. Wacha hao wa Makindu wapate maji." Akakung'uta vijiko, akavipanga kwenye kitambaa. Mwisho wa mwezi wa tatu aliacha kazi akarudi Kitui, na miaka iliyofuata nilisikia amejenga kuta mto baada ya mto, akiwa na vikundi vya akina mama tu. Ukuta wa Makindu ulifaulu. Ule wa mwaitu Kalekye tuliupunguza kwa nyundo, na mvua zikaosha sehemu ya tope, si yote. Mimi nilipandishwa cheo.

Watu huniuliza kwa nini baadaye, nilipokuwa meneja, kijana akileta wazo nilimwambia kwanza aendelee, nikamwuliza la pili na la tatu kabla ya kutoa langu. Wanadhani ni moyo mzuri. Si moyo; moyo wangu ni ule ule, mtu akisema jambo la akili mbele yangu bado tumbo linanishika. Nilijifunza tu kungoja lipite kabla ya kufungua mdomo.

Alhamisi nilienda Kitui kwa ile barabara ya lami inayopitia Mutomo, nikifanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima. Watu walikuwa wengi kuliko niliowahi kuona kwenye mazishi ya mtu asiye mwanasiasa. Vikundi vya akina mama vilikuja na sare, kila kimoja kikitaja mto wake, na nitasema ukweli, hata hapo, mbele ya jeneza, nilivihesabu na roho ikaniuma. Kwenye programu jina langu lilifuatwa na maneno "mwalimu wake wa kazi". Msemaji aliyeongoza programu akaniita. Nikashika maikrofoni, nikasema nilivyokusudia: "Kujenga kidogo kidogo ilikuwa akili ya Syombua. Alituonyesha ofisini, na mimi nilimcheka. Watu walikunywa matope kwa sababu yangu. Halafu nikalichukua wazo lake nikasema ni langu, na likaandikwa jina langu."

Mama mmoja mbele akapangusa macho. Kisha msemaji akachukua maikrofoni nyingine. "Mmesikia, watu wetu? Mmeona unyenyekevu wa watu wa zamani? Mwalimu anajishusha hadi chini, ampe mwanafunzi wake sifa yote! Vijana, mjifunze. Mpigieni makofi!" Nikasema hapana, ngojeni, lakini makofi yalikuwa yameshika hema lote, na kwaya ilikuwa imesimama tayari. Mumbua alikuja akanikumbatia, analia na kutabasamu kwa pamoja, urefu wake ni wa mama yake kabisa. "Asante, auntie. Mama alituambia ukiulizwa utakataa, utasema ni yake. Alisema tusikubali."

Sijui kama alisema hivyo kwa wema au kwa kunikomoa. Namjua vya kutosha kuamini yote mawili. Wakanitoa katikati ya watu kwa heshima, wakaniketisha kiti cha mbele karibu na mchungaji, wakaniletea maji ya kunawa na sahani ya wali yenye nyama nyingi kuliko ya mtu mwingine yeyote pale. Nikala.